Wajerumani walipunguziwa deni, sisi tulifunga mkanda

Juzi kazini hapa Dortmund, Ujerumani, tukinywa kahawa, mwenzangu mmoja alinionyesha picha ya bibi yake ya mwaka 1946, ameshika ndoo juu ya kifusi. Akasema, "Sisi tulianzia hapa. Nyie Watanzania mna dhahabu, mna bandari." Nikanyamaza, ila mpaka leo linaniuma.

Bibi yule namheshimu kwa dhati. Lakini Juni 1948 walipobadilishiwa fedha, kila mtu alipewa marki 40 mpya, na bidhaa zilizokuwa zimefichwa zikarudi madukani ndani ya siku chache. Fedha za Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya, nazo zikaingia. Mwaka 1953 wadai walikutana London wakawafutia karibu nusu ya deni, na Ugiriki, ambayo majeshi ya Hitler yaliikalia kimabavu, ni mmoja wa waliotia saini.

Sisi mwaka 1979 tulimng'oa Idi Amin wa Uganda, na bado nikilitaja hilo kifua kinajaa. Bili ya vita tukabaki nayo wenyewe, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshavunjika, mafuta yamepanda bei. Mwalimu Nyerere akatuambia tufunge mkanda miezi 18. Jamani, mliokuwepo mnajua ile miezi 18 ilifika wapi! Unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, foleni, majani ya mpapai badala ya sabuni. Msamaha wa deni wa maana tuliupata 2001.

Najua mtasema huyu kafika Ulaya, sasa anatufundisha historia yetu. Wengine mtasema natetea uzembe. Sitetei! Mashirika ya umma tuliyaua wenyewe, mkonge tukauacha ukaingia msituni, na aliyeiba aliiba akiwa na akili timamu. Hayo yananikera kuliko maneno ya Mjerumani yeyote. Ninachokataa ni zile sauti mnazonitumia WhatsApp kila Jumapili, eti Mjerumani aliinuka kwa jasho lake tu na Mtanzania kaanguka kwa uvivu. Mama yangu aliamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya sukari, akitoka hapo anakwenda shamba. Huyo naye mvivu?

Nimemwomba dada atafute picha ya mama ya miaka ile nimwonyeshe mwenzangu. Kanijibu hakuna hata moja, maana filamu za kamera nazo zilikuwa hazipatikani. Basi Jumatatu nitamsimulia kwa mdomo.