Na Mtwara vipaji vipo jamani

Nimeona habari ya bondia aliyetoka ngumi za ridhaa (zile zisizo za kulipwa) mpaka akabeba mkanda wa ubingwa wa ukanda, safi sana, sio mchezo, watu wanaona mkanda tu, kule ridhaa unapiga raundi 3 za dakika tatu tatu ukienda ngumi za kulipwa pambano la ubingwa linaweza kufika raundi 12, hiyo pumzi inajengwa miaka. Huku Mtwara madogo wanapiga gunia la mchanga na matambara limening'inizwa kwenye mkorosho, glovu imechanika mpaka dole gumba linachungulia, ila ngumi zinatua kweli!! Bondia Hassan Mwakinyo katokea Tanga akaenda Birmingham, Uingereza 2018 akamchapa Mwingereza Sam Eggington kwao, kwa hiyo sio lazima Dar. Wadau wa korosho tunaomba ulingo na kocha basi