Tundu la tatu la soketi

Soketi ya huku Uingereza na ya nyumbani Tanzania ni ileile: matundu matatu ya pembe nne, urithi wa mkoloni ambao hatukuubadili. Mguu mrefu wa plagi huingia kwanza tundu la juu na kufungua vizibo vya yale mawili ya chini. Sisi tuliokulia vyumba vya kupanga tunaijua dawa yake: chomeka kijiti au mfuniko wa peni hapo juu, chaja ya miguu miwili iingie. Miaka yote hiyo sikujiuliza tundu lile lina kazi gani. Na kwenye chumba changu cha mwisho Mbagala halikuwa na kazi yoyote, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na waya wa athi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja.

Nilijulia kwenye friji ya jirani. Ukiigusa miguu mitupu, sakafu ina maji, inakuuma. Mama mwenye nyumba alipoambiwa alijibu, "Vaeni ndala." Tukavaa ndala.

Nilipopanga nyumba Reading, mji wa huku England, ajenti alinipa mkataba, funguo na kurasa kadhaa nilizodhani ni risiti. Kumbe ni ripoti ya ukaguzi wa umeme. Kwa kanuni za England za mwaka 2020, mwenye nyumba lazima alete mkaguzi mwenye sifa angalau mara moja kila miaka 5, na mpangaji mpya apewe nakala kabla hajahamia. Kasoro hupewa alama: C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, C2 ni inayoweza kuwa hatari, C3 ni ushauri tu. Ikitokea C1 au C2, marekebisho yafanyike ndani ya siku 28, au mapema zaidi ripoti ikitaka hivyo. Mwenye nyumba akikaidi, halmashauri humtoza faini. Kanuni zilipoanza, kiwango cha juu kilikuwa pauni 30,000.

Sisemi huku ni peponi. Ukungu ukutani upo, na ajenti huyohuyo aliyenipa ripoti hapokei simu. Hata kanuni zenyewe ni za juzi tu, na zilipoanza ziliwabana wenye nyumba binafsi, zikaziacha nyumba za halmashauri.

Lakini nikisikia "sisi ni maskini, hayo ni ya Wazungu", nakataa. Tazama nyumba mpya za kupangisha kwetu: marumaru hadi barazani, dari ya jipsamu yenye taa za rangi, madirisha ya aluminiamu. Pesa ipo. Ila waya wa athi hauonekani, kwa hiyo haupandishi kodi. Na sisi wapangaji tunachangia kosa. Tunauliza maji yapo, LUKU ni ya peke yangu au ya kuchangia, basi.

Utaratibu si kwamba haupo. TANESCO hutaka mchoro wa umeme kutoka kwa mkandarasi aliyesajiliwa kabla ya kuunganisha, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi. Tatizo ni kwamba huo ni ukaguzi wa siku ya harusi. Mita ikishafungwa, nyumba ya familia moja inakatwa vyumba vinane, mbele panachomoza kibanda cha duka, na kishoka, fundi asiye na leseni, anaunga nyaya kwa gundi ya karatasi. Kila chumba kina pasi na jagi la umeme. Breka inakata kila jioni, wapangaji wanalalamika, fundi anaitwa, anafunga breka kubwa zaidi. Wote wanamshukuru! Breka ile ilikuwa inaulinda waya. Ukiweka kubwa huku waya ni uleule mwembamba, waya unachemka darini kimyakimya na breka haina habari.

Mimi sitamani faini zao. Natamani ile karatasi. Mkataba wa chumba mara nyingi tunaupeleka serikali ya mtaa ukagongwe mhuri. Uambatane na ukurasa mmoja wa fundi mwenye leseni, unaosema athi ipo au haipo na mara ya mwisho ilipimwa lini. Mpangaji asome, aamue mwenyewe.

Likizo iliyopita nilibeba kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, chenye taa tatu. Kwa dada yangu nilikijaribu sebuleni, kisha chumbani kwa watoto. Mpangilio wa taa ulikuwa uleule: athi hakuna. Shemeji akadhani nimeleta chaja mpya. Baba mwenye nyumba, anayeishi chumba cha mbele, alikuwa amesimama mlangoni mikono nyuma, nikajua nitafukuzwa. Akakohoa, akauliza kama naweza kupima na chumbani kwake.