Mkwe, Samaki na Godoro la Inchi 6

Kwa kuwa jamaa yangu ameshatuma sauti ya dakika nne kwenye grupu akidai mama mkwe kajikojolea nyumbani kwangu, naomba nieleze mwenyewe. Hajakojoa mtu. Tulieni.

Kazi yangu mnaijua, kufunga matangi ya samaki majumbani. Na mdomo wangu mnaujua. Mimi ndiye niliyewakataza kuweka tangi juu ya kabati la TV: sentimita 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112, kila lita kilo moja, ongeza kioo cha milimita 6 na changarawe, unakaribia kilo 150. Mifuko mitatu ya sementi juu ya kabati la maranda yaliyogandishwa kwa gundi! Mimi ndiye niliyemhamisha dada wa Tabata kutoka dirishani, jua la jioni lilipomgeuzia maji mchuzi wa mlenda.

Kwa hiyo langu nikaliweka kitaalamu. Kona ya sebule, mbali na dirisha, mbali na mlango unaobamizwa. Stendi ya chuma, nikapitisha pima maji urefu na upana, maana tangi likiinama kidogo tu, upande mmoja unabeba kuliko mwenzake na gundi ya pembeni inaanza kulalamika. Chini ya kioo nikatandika stairofomu ya sentimita moja, kwa sababu punje moja ya mchanga ikibaki hapo katikati, kioo kinapasukia hapo hapo. Waya nikauacha ulegee chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lidondokee sakafuni lisifuate umeme. Nikapiga picha. Mkanisifu, msijifanye hamkumbuki.

Sasa pampu ya hewa. Juu ya stendi ilikuwa inatetemesha chuma, inanguruma kama nyuki ndani ya kopo. Na mama mkwe anakuja kutoka Tanga, nyumba yenyewe chumba na sebule, na kitanda chetu hawezi kukilalia, hilo sihitaji kuwaeleza. Nikaishusha pampu sakafuni, nyuma ya kochi, karibu na godoro lake. Kile kidude cha kuzuia maji kurudi, cha bei ya soda, ambacho wateja wote nawalazimisha kununua? Kilikuwa kwenye begi la kazi. Viko kumi na viwili humo. Na tangi nikalijaza hadi ukingoni, mkwe aone.

Umeme ukakatika saa saba usiku. Pampu ikisimama, hakuna hewa ya kuyasukuma maji, yanapanda kwenye mpira wa hewa unaotoka tangini kwenda kwenye pampu. Tangi likiwa limejaa hivyo, ukingo hauko mbali. Yakishauvuka yanajivuta yenyewe kwenda chini, na hayakomi mpaka yashuke usawa wa jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu mwisho wa mpira. Langu nilikuwa nimelizika kwenye changarawe.

Saa kumi naamka na kiu. Nimejifunga khanga ya mke wangu, kifua wazi. Nafungua mlango wa sebule taratibu. Giza. Namwona mama kaketi wima juu ya godoro, kajitanda, kimya.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba.”

Kimya. Nasikia tip. Tip.

“Mama, hujalala?”

“Rudi ukalale, baba. Usiwashe taa.”

Umeme wenyewe haupo. Napiga hatua moja, mguu unaingia kwenye maji. Hapo nikajua kila kitu, mpaka begi lilipo. Lakini kabla sijafungua mdomo, mama akashusha sauti:

“Baba, mimi ni mtu mzima sasa. Mambo haya hutokea. Usimwambie mwanangu.”

Ndugu zangu, nitakuwa mkweli. Kwa muda wa pumzi moja, nilifikiria kunyamaza.

Ndipo akaongeza, kama anayejiuliza mwenyewe: “Lakini mbona ya baridi?”

Nikawasha tochi ya simu. Samaki wanne wa dhahabu wananitazama, maji yameshuka sentimita 10.

“Mama, ni samaki.”

“Samaki wamekojoa?”

Nikakimbilia swichi kuu kuizima, maana ekstensheni nayo ilikuwa inaogelea na umeme ungerudi wakati wowote. Khanga ikabaki kwenye kitasa. Hapo ndipo mke wangu alipotokea na tochi yake. Tuishie hapo.

Samaki wazima. Zilitoka lita 28, sehemu kubwa ikanywewa na sponji la godoro. Pampu sasa iko kwenye kishubaka juu ya usawa wa maji, kidude kimefungwa, tangi limepunguzwa. Mama kaondoka na basi la asubuhi.

Godoro bado liko uani, siku ya tatu, na mvua hizi halikauki. Majirani wanauliza. Mama alisema nijibu kuwa ni mtoto. Mtoto hatuna.