Kibwengo asiyeogopa kufa anaharibu mchezo

Adui dhaifu anapaswa kuogopa. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapokutana na mjadala wa kanuni za nyumbani, zile ambazo kila kundi hujitungia, kuhusu maadui wadogo kwenye michezo ya simulizi ya mezani, swali huwa ni lile lile: tuwape pointi ngapi za uhai, yaani wastahimili majeraha kiasi gani kabla ya kufa? Mmoja atasema moja, mwingine nne, wa tatu atakuja na jedwali. Wote wanatafuta njia ya kuwaua haraka. Mimi nasema tuwape sababu ya kukimbia kwanza, kisha tuzungumze habari za uhai.

Kwa asiyeufahamu mchezo: watu wachache wanakaa pamoja, mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua penye mashaka. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, ndio uliofungua njia, na mpaka leo vitabu vyake ndivyo vinavyotumiwa na wengi. Sisi hapa Mtwara tunachezea barazani, Shangani, baada ya Isha, na saa tano usiku kila mtu anatakiwa awe njiani kurudi kwake. Yupo dada anayefundisha hesabu sekondari, yupo fundi wa mitambo, wapo wanafunzi wa chuo, na yupo kijana wa familia ya wachongaji wa Kimakonde aliyetuchongea zimwi la mpingo, refu kama kiganja, ulimi nje, tumbo mbele. Vibwengo wetu, ambao kitabuni ni goblini, ni korosho mbichi zenye maganda yake. Tunazimwaga kwenye mkeka, na kibwengo akijeruhiwa tunaipaka korosho yake chaki.

Ukiwa na saa tatu tu za kucheza, pambano la vibwengo wanane likila saa nzima umeibiwa. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi, ndiyo zaidi: wengine wanashinda Tandahimba na Newala mashambani, wakija wamechoka, na hawakuja kuhesabu pointi za uhai za kibwengo wa sita.

Sasa tupige hesabu. Nimeifanya na yule dada mwalimu kwa chaki ile ile. Goblini wa toleo la tano, la mwaka 2014, ana kinga 15, yaani namba ambayo anayemshambulia lazima aifikie, na pointi 7 za uhai. Shujaa wa ngazi ya tatu mwenye upanga mrefu ana nyongeza ya 5 ya kulenga, kwa hiyo dadu ya pande 20 ikileta 10 kwenda juu amepiga. Hiyo ni asilimia 55. Akipiga, anarusha dadu ya pande 8 na kuongeza 3, kwa hiyo mara tano kati ya nane kibwengo anakufa papo hapo, na mara tatu anabaki na pointi moja, mbili au tatu na kusubiri pigo la pili. Ukijumlisha yote, kuwamaliza vibwengo wanane kunahitaji wastani wa mapigo 20, yanayokosa yakiwemo. Mashujaa wanne, mizunguko mitano.

Tumia kanuni ya uhai wa pointi moja, ile iliyokuja na toleo la nne mwaka 2008, na mapigo yanashuka hadi kati ya 14 na 15. Ni nafuu. Lakini acha uhai wao kama ulivyo, pointi 7 zote, halafu wape uwezo wa kukata tamaa nusu yao wakishaanguka. Wakikimbia hapo, pambano limekwisha kwa mapigo 10. Hofu imeokoa muda kuliko uhai mdogo, na hatukubadilisha namba hata moja ya kibwengo mwenyewe.

Kanuni ya kukata tamaa si ngeni. Mchezo huu ulizaliwa kutoka michezo ya vita ya askari wadogo wa mezani, ambamo kikosi kuvunjika moyo ni jambo la kawaida kabisa. Toleo la msingi la mwaka 1981 lilimpa kila adui namba ya moyo, kuanzia 2 hadi 12. Msimulizi anarusha dadu mbili za pande sita mara mbili katika pambano: anapoanguka wa kwanza, na nusu yao wanapokuwa wameanguka. Dadu zikizidi namba ya moyo, maadui wanakimbia au wanajisalimisha. Goblini ana 7. Kila unaporusha, ana nafasi ya asilimia 42 ya kuvunjika, na ukichukua mara zote mbili, karibu mapambano mawili kati ya matatu yanaishia hapo au kabla. Akiwa na mfalme wake, namba inapanda hadi 9, na wachezaji hawachelewi kuelewa maana yake: mtafute jumbe wao kwanza.

Toleo la mwaka 2000 liliiondoa namba hiyo. La 2014 likairudisha kama kanuni ya hiari, kwenye kitabu cha msimulizi, kwa dadu inayopima busara ya adui badala ya namba ya moyo. Ni wasimulizi wachache niliowaona wakiitumia. Naona ni hasara kubwa. Adui wanaopigana mpaka wa mwisho katika kila chumba, kila msitu, kila daraja, wanafundisha wachezaji kwamba njia ya kumaliza jambo ni moja.

Hebu nikuonyeshe tulivyocheza sisi. Vibwengo walikuwa kwenye mikoko, mahali nilipopachora nikiwaza mdomo wa Ruvuma, maji yamekupwa, matope mpaka magotini. Walikuwa kumi na wawili, jumbe wao akiwemo. Mpiga mishale wa yule dada akamwangusha jumbe, na wengine watano walikuwa wameshalala. Mshale ule ulipofikisha nusu nikarusha dadu mbele ya wote: kumi. Korosho sita zikaanza kurudi nyuma kwenye mkeka. Watano walifika majini. Wa sita alizama kwenye matope, akatupa ngao, akanyoosha mikono. Hapo ndipo mchezo ulipoanza hasa! Fundi alitaka amalizwe. Mchongaji alitaka aulizwe kuhusu zimwi. Mwalimu alisema aliyetupa silaha hauawi, na kwamba yeye hatembei na wanaoua mateka. Walibishana kwa sauti mpaka jirani akachungulia kuona kama kuna ugomvi. Mwishowe walimwachia na kifurushi cha muhogo mkavu, na kwa malipo hayo akawaonyesha njia ya nyuma ya kuingilia kwenye magofu. Hakuna pigo la upanga lingeleta mazungumzo yale.

Uhai nao haujasahaulika. Pointi moja kwa kila kibwengo siipendi, na sababu yangu ni kwamba wachezaji wanamnusa. Wakishajua huyu ni wa pigo moja, hakuna anayemtazama tena, na wanahifadhi kila kitu kizuri kwa ajili ya yule mkubwa. Kwetu kibwengo hufa kwa pigo moja likifikia nusu ya kiwango chake cha kitabuni au zaidi, yaani pointi 4. Pungufu ya hapo anapakwa chaki, na pigo la pili, lolote lile, linammaliza. Panga la shujaa linamaliza kwa mara moja, jiwe la kombeo au kisu cha mwanafunzi wa uchawi huenda kikahitaji kurudia. Uchawi wa eneo kubwa ni vivyo hivyo: aliyeshindwa kukwepa anakufa, aliyekwepa anapakwa chaki. Hakuna wa kuandika namba popote.

Michezo mingine imelitatua suala la maadui wadogo kwa njia zake na nazipenda baadhi. 13th Age ya mwaka 2013 inawapa kundi zima mfuko mmoja wa uhai, pigo kubwa likimuua mmoja kinachobaki kinahamia kwa jirani yake. 7th Sea ya 1999 inawapanga sita sita kama kikosi kimoja. Kanuni za 1978 za AD&D, yaani Advanced Dungeons & Dragons, zilimruhusu mpiganaji kupiga mara nyingi kama ngazi zake akipambana na viumbe wa chini kabisa, kwa hiyo wa ngazi ya tano alikuwa na mapigo matano dhidi ya goblini. Hiyo ya mwisho ina uzuri wa peke yake, maana inamkuza shujaa bila kumdhalilisha adui.

Na adui dhaifu asidharauliwe. Kitabu cha msimulizi cha 2014 kina jedwali la makundi: anayehitaji kati ya 6 na 12 kwenye dadu ili apige, basi kila wawili wanaoshambulia wanapata pigo moja. Kibwengo anayemlenga shujaa mwenye kinga 16 anahitaji 12. Wanane wakimzunguka, ni mapigo manne, na kila pigo nalipa wastani uliochapishwa, pointi 5. Jumla 20, kwa mzunguko mmoja, bila kurusha dadu hata moja. Shujaa wa ngazi ya tatu mwenye pointi 28 amebaki na nane. Ndiyo maana nasema wadhaifu ni wa kuogopwa wakiwa wengi na wana moyo, na ndiyo maana kuwavunja moyo ni ushindi wa kweli.

Wapo wanaoniambia msimulizi mzuri hahitaji dadu, ataona mwenyewe wakati wa maadui kukimbia. Sikubali. Saa nne na nusu usiku msimulizi amechoka, anawaacha vibwengo wapigane kwa sababu kufanya hivyo hakuhitaji kufikiri. Au anampenda kibwengo wake fulani na anamkimbiza mapema. Dadu zikirushwa hadharani, wachezaji wanaamini walichokifanya kimeleta matokeo, na msimulizi mwenyewe anashangaa, jambo ambalo kwangu ni nusu ya raha ya kusimulia. Wengine wanalalamika kwamba adui anayekimbia anamnyima mchezaji ushindi. Wahenga walishasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na hakuna aliyewahi kuona haya kumfukuza kunguru.

Si kila mdogo anakimbia. Mifupa inayotembea ilipewa namba ya moyo 12 mwaka 1981, haijui hofu, na hilo linapaswa kuwatisha wachezaji: mara ya kwanza kundi dogo linapokataa kurudi nyuma, wanajua kuna kitu kibaya. Tofauti hiyo haionekani kabisa kama kila adui ni wa kufa na kupona. Mnyama mwenye watoto nampa 11. Majambazi wa barabarani nawapa 6, maana walikuja kutafuta mali.

Anayetaka kuzijaribu kanuni hizi kwa Kiswahili ana bahati. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziko chini ya leseni huria, mtu anaweza kuzitafsiri, kuzibadilisha na kuzichapa mradi ataje zilikotoka. Za kwetu nimeziandika kwenye kurasa mbili na kuzitoa kopi steshenari.

Limebaki la malipo, nalo ndilo linaloamua kama kanuni hii itaishi mezani kwako. Adui aliyekimbia ameshindwa, kwa hiyo lipa pointi zake zote za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi, sawasawa na aliyekufa. Aliyejisalimisha vivyo hivyo. Ukilipa maiti pekee, wachezaji watawafukuza vibwengo kwenye matope mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na hutakuwa na la kuwalaumu, kwa sababu wewe ndiye uliyewapangia bei.