Majuto ya Mkuu wa Shule

Miaka ya 1990, International School of Tanganyika pale Dar es Salaam iliongozwa na Mmarekani mmoja aitwaye William Powell. Katika duru za ualimu alijulikana kwa jambo moja: kupigania watoto wenye shida za kujifunza wasifungiwe milango ya shule za kimataifa. Yeye na mkewe, Ochan Kusuma-Powell, waliandika vitabu vya ualimu kuhusu hilo, na kazi hiyo waliifanya mpaka uzeeni.

Bwana huyo huyo ndiye aliyeandika The Anarchist Cookbook. Kinaitwa kitabu cha mapishi, lakini hutakuta humo wali wala mchuzi. Kuna dawa za kulevya, hujuma na unasaji wa mawasiliano, silaha, kisha mabomu. Kilitoka New York mwaka 1971. Powell alikiandika akiwa na miaka 19, kijana aliyechemka kwa hasira ya vita vya Vietnam na kwa hofu ya kuitwa jeshini yeye mwenyewe. Maarifa hakuyafuata msituni kwa wapiganaji. Aliyakusanya maktaba ya umma ya jiji, mengi yakitoka kwenye miongozo ya jeshi lile lile alilokuwa akilipinga. Watu wengi huipita habari hiyo haraka, mimi nadhani ni nusu ya kisa.

Kitabu kikauzwa. Inakadiriwa nakala zaidi ya milioni 2 zimekwishatoka. Mwandishi wake akaenda zake: akasoma, mwaka 1976 akawa Mkristo wa Kianglikana, akaoa, akapata watoto, akashika chaki. Kila alipoomba kazi shule mpya, jina lake lilikuwa limeshamtangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitoa tamko la kukikana kitabu chake, na Desemba 2013 akaandika katika gazeti la The Guardian la Uingereza kwamba msingi wake mzima, ule wa kuamini kuwa vurugu ni njia halali ya kuleta mabadiliko ya kisiasa, ulikuwa na kasoro. Akaomba kisichapishwe tena.

Hakusikilizwa, na hakuwa na namna. Hatimiliki iliandikwa tangu mwanzo kwa jina la mchapishaji, Lyle Stuart, si la kijana wa miaka 19. Powell aliwahi kuomba kitabu kiondolewe sokoni, mchapishaji akakataa. Haki zikaja kuuzwa kwa wengine, na mitambo ikaendelea kufanya kazi.

Ninapozungumzia kisa hiki na wenzangu, wengi hukimbilia kusema: ujana ni moshi, nani hakusema upuuzi akiwa na miaka 19? Sikubaliani nao, na sababu yangu haihusu umri.

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, akiwa na miaka 22, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Ulikuwa moto. Aliishambulia serikali ya Jomo Kenyatta na chama cha KANU kwa jinsi walivyokikandamiza chama cha upinzani cha KPU, na waraka ukasambazwa kwa siri. Alikamatwa, akafungwa mpaka 1972. Humo gerezani, kwa siri, akaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki, likiwemo lile la "N'shishiyelo ni lilo" (yaani ninaloshikilia ni lile lile), ambalo jina lake pekee linatosha kueleza kama alijuta au la. (Diwani hiyo ilipotoka, ikashinda tuzo ya fasihi yenye jina la Kenyatta mwenyewe. Historia ina utani mkavu.)

Wote wawili walikuwa vijana, na wote walikuwa na hasira na dola. Tofauti iko katika kile walichomkabidhi msomaji. Waraka wa Abdilatif ni hoja: unaweza kuisoma, ukaipinga, ukaandika jibu, ukamwita mwandishi barazani mkabishana. Hata angebadili mawazo akiwa na miaka 60, angeandika hoja nyingine na ya kwanza ikakaa mahali pake. Kitabu cha Powell kina hoja pia, kurasa chache za kumsukuma msomaji aasi, lakini hizo ndizo zilizochakaa kwanza. Kilichobaki ni maelekezo, na maelekezo hayamhitaji aliyeyaandika. Msomaji hana haja ya kujua Vietnam iko wapi. Mwandishi anaweza kuokoka, kuzeeka, kulia hadharani, na ukurasa ukabaki vile vile.

Najua jibu la watetezi: mambo hayo yanapatikana kokote, na mwenye nia hakosi njia. Kuna ukweli humo. Waliolipua ubalozi wa Marekani pale Dar tarehe 7 Agosti 1998, siku ile ile walipoulipua wa Nairobi, walikuwa na mtandao, fedha na watu waliofunzwa kambini. Hawakuhitaji kitabu cha dukani. Lakini mtu wa namna hiyo hakuwa ndiye mteja wa kitabu hiki. Mteja wake ni mvulana wa peke yake, chumbani, mwenye kisasi na shule yake. Huyo hana kambi. Jina la kitabu limetajwa mara nyingi katika habari za mashambulizi yaliyotokea Marekani, likiwemo lile la shule ya sekondari ya Columbine la 1999, na mara nyingi aliyetajwa nacho alikuwa na umri uleule wa Powell wa 1969, au mdogo zaidi.

Mlinganisho wenye manufaa zaidi ni Stephen King, mwandishi wa riwaya wa Marekani. Riwaya yake Rage, aliyoianza akiwa bado mwanafunzi wa sekondari na kuichapisha 1977 kwa jina bandia, inahusu mwanafunzi anayeua walimu na kuteka darasa. Baada ya mwanafunzi kufyatua risasi katika shule moja ya Kentucky Desemba 1997, King aliamua riwaya isichapishwe tena, na haikuchapishwa. Hakusema kwamba ndiyo iliyowafanya vijana wawe wauaji. Aliona tu inaweza kudhuru, na akaona hilo linatosha. Naye alikuwa na uwezo wa kuamua: jina kubwa, mkataba mzuri, mchapishaji anayemsikiliza. Powell alikuwa na majuto tu.

Ndiyo maana lawama yangu ya kwanza haimwendei Powell. Inamwendea mtu mzima aliyepokea mswada wa kijana mwenye hasira, akaona fedha na makelele ndani yake, na akajiandikia hatimiliki. Kijana ana udhuru wa ujana. Mwenye kampuni alikuwa na udhuru gani?

Lakini nina neno na Powell pia. Mwaka 2015 mtengeneza filamu Charlie Siskel alimhoji kwa siku kadhaa kwa ajili ya filamu ya American Anarchist, akamwekea mezani mashambulizi ambayo kitabu kimehusishwa nayo, moja baada ya jingine. Kinachoonekana pale ni mzee mstaarabu, mwenye majuto ya kweli, ambaye mengi ya hayo hakuwahi kuyafuatilia. Alikikana kitabu kwa miaka mingi bila kuangalia kilikuwa kimefika wapi. Wapo waliomwona Siskel mkatili kwa kumbana hivyo. Mimi nilimwona akiuliza maswali ambayo mwandishi alipaswa kujiuliza tangu zamani.

Powell alifariki Julai 2016 huko Kanada, akiwa na miaka 66, kabla filamu haijaonyeshwa, na umma ulikuja kujua kifo chake kupitia maandishi ya mwisho ya filamu hiyo. Kuna wanaotaka kuweka mizani: huku miaka yake 40 ya ualimu, kule kitabu cha ujanani. Siwezi kuipima hivyo. Mtoto aliyefaidika na darasa lake Dar na mtoto aliyekuwa upande wa pili wa silaha huko Marekani hawakuwa na deni la pamoja ambalo mmoja angeweza kulipiwa na mwingine. Kazi ya ualimu ilikuwa njema kwa nafsi yake. Kitabu nacho bado kinauzwa, na faida yake huenda kwa watu ambao hawajawahi kusema wanajutia chochote.