Kuchanua Mapema Mlimani: Faida ya Nani?

Kwenye miinuko ya theluji msimu ni mfupi. Theluji ikishayeyuka, mmea una wiki chache tu za kutoa maua na kukomaza mbegu. Ndiyo maana wengi huamini kwamba jeni za kuwahi kuchanua ndizo zenye thamani kuliko zote huko juu.

Ushahidi wao si haba. Katika Arabidopsis thaliana, mmea mdogo wa jamii ya haradali, jeni iitwayo FLC huzuia maua mpaka baridi ya muda mrefu iinyamazishe. Aina itokayo Shakhdara, kwenye milima ya Pamir huko Tajikistan, ina FLC dhaifu, na mmea huchanua bila kungoja baridi. Huko Colorado nako, utafiti wa Boechera stricta, mmea mwingine wa jamii ya haradali, uliotolewa mwaka 2012 ulikuta uteuzi wa asili ukiipendelea mimea inayowahi, na ukakadiria kwamba mageuzi ya kurithiwa yangeweza kueleza zaidi ya asilimia 20 ya mabadiliko ya tarehe za kuchanua.

Sasa tazama Arabis alpina, mmea wa milimani unaoishi miaka mingi. Una jeni PEP1, ndugu wa FLC. Mwaka 2009 kundi la mtafiti wa mimea George Coupland, mjini Köln, Ujerumani, lilionyesha kuwa baridi huizima PEP1 kwa muda tu. Joto likirudi, jeni inaamka tena. Matumba yaliyoanza kuumbwa wakati wa baridi hufunguka, lakini vichipukizi vingine hubaki vya majani, akiba ya mwaka unaofuata. Mimea iliyopoteza PEP1 huchanua mfululizo, haijui msimu. Kwa hiyo kizuizi kile kile ambacho mmea wa Pamir umefaidika kukilegeza, kwa Arabis alpina kina kazi muhimu. Nashangaa jambo hili linavyorukwa kirahisi.

Kuna na jalidi, baridi kali inayogandisha. Katika Maabara ya Baiolojia ya Rocky Mountain huko Colorado, kwenye mita zipatazo 2,900 juu ya usawa wa bahari, mwanaikolojia David Inouye alifuatilia Helianthella quinquenervis, ua la manjano linalofanana na alizeti. Kati ya 1992 na 1998, wastani wa asilimia 36.1 ya matumba yaliungua kwa jalidi. Kati ya 1999 na 2006 ikawa asilimia 73.9. Theluji ilikuwa ikiondoka mapema, mimea ikaitikia, na jalidi ya Juni ikayakuta matumba yako wazi. Mmea huu huishi miongo kadhaa, hivyo ni vigumu kudai kwamba jeni zake zilibadilika ndani ya muda huo. Kilichobadilika ni ishara ambayo jeni hizo zimezoea kuiamini, yaani kuondoka kwa theluji.

Hoja ya kuwahi naikubali kwa mmea unaoishi msimu mmoja, kwani hauna mwaka wa pili wa kujaribu tena. Kwa mimea ya kudumu, jaribio linalopima tarehe ya kuchanua peke yake halinitoshi. Lihesabu mbegu zilizokomaa, kwa miaka kadhaa, ukiwamo angalau mmoja wenye jalidi ya Juni.