Gizenga, Tupisheni Tuone Nakshi!

Wenzangu mnaoupenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, hivi na nyinyi mnayaona haya? Unaingia mtaa wa Gizenga kutazama nakshi. Nakshi ziko wapi? Mlango umefunikwa khanga mia, vikapu mia mbili na fulana za ukubwa wote duniani. Ukibahatika kuona kizingiti cha juu chenye maua yaliyochongwa, kimepigiliwa misumari ya kushikia nyaya za umeme! Nani huyo mwenye moyo wa kugongelea msumari kwenye nakshi?

Unainua shingo utazame roshani. Piiii! Pikipiki. Unajibanza ukutani. Piiii! Nyingine. Kichochoro chembamba namna ile, jamani, inakimbilia wapi?

Na huo ukuta uliojibanza umelowa maji ya kiyoyozi, yanadondoka mchana na usiku. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, vitu visivyopenda kushinda na maji. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, si liliporomoka upande mmoja Desemba 2020 tukishuhudia? Tunangoja lipi tena?

Haya, tuje kwenye michoro. Edward Saidi Tingatinga alibuni mtindo wake mwenyewe. Sasa duka la kwanza tembo chini ya mti, la pili tembo yuleyule, la kumi tembo yuleyule, mkonga umepinda vilevile! Wachoraji wenye mikono yao wenyewe wapo, tunawajua. Wenye maduka, kazi zao mnazificha wapi?